Mstari wa 9

Fomu ilikuwa karatasi moja, imechapwa mbele na nyuma. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kliniki, katika nchi niliyohamia baada ya kustaafu, nikisubiri kupimwa shinikizo la damu na kuandikiwa dawa zangu. Jina, nikajaza. Tarehe ya kuzaliwa, nikajaza. Namba ya kibali cha kuishi, nikakitoa kibali kwenye pochi na kunakili tarakimu moja moja. Mzio wa dawa, hakuna.

Mstari wa 9 uliuliza: mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, awe anaishi hapa nchini.

Kalamu ikasimama.

Nikafungua simu, nikapitia majina kuanzia juu mpaka chini. Kulikuwa na wakala aliyenipangishia nyumba. Kulikuwa na mwalimu wangu wa lugha, ambaye tunaonana kwenye skrini tu na sijui hata anaishi mji gani. Kulikuwa na fundi aliyekuja mara moja kuziba bomba. Nikauruka mstari ule, nikamaliza iliyobaki, nikatia saini.

Dada wa mapokezi aliipitia fomu kwa ncha ya kidole, akafika pale, akasimama. Akanirudishia kwa upole huku akinionyesha nafasi iliyo wazi. Nikamwambia, kwa lugha yake ninayoiokoteza, kwamba sina mtu. Alinitazama kidogo. Kisha akachora kistari kifupi kwenye nafasi ile na kumwita aliyefuata.

Kistari hicho kimenikaa kichwani wiki sita sasa.

## Namba iliyo kwenye faili

Kwa miaka 22 nilikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi. Mgonjwa anapoingizwa hajitambui, mmoja anashughulika na mashine ya kupumulia, mwingine anatafuta mshipa, mwingine anaunganisha nyaya za monita. Katikati ya pilikapilika hizo kuna mtu anayefungua faili kutafuta namba ya simu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Wengi hudhani namba ile ni ya kupeleka taarifa tu. Sivyo. Aliye upande wa pili wa simu ndiye anayetuambia kwamba mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Ndiye anayesema kwamba sikio lake la kushoto halisikii, ili tusije tukamwita upande huo na kudhani hajazinduka. Ndiye anayeleta miwani na meno ya bandia. Mtu asiyeona vizuri wala kusikia vizuri, akilazwa kwenye chumba ambacho kengele hazikomi na usiku haujulikani na mchana, huchanganyikiwa haraka, na aliyechanganyikiwa hukawia kutoka hospitali. Miwani tu inaweza kumsaidia ajue yuko wapi.

Na nimewauguza waliochorewa kistari.

Mmoja alikaa kwetu siku 11. Alikuwa mgeni aliyehamia miaka mingi nyuma, na waliomleta walisema anazungumza lugha yetu bila shida. Lakini tulipoanza kumpunguzia dawa za usingizi, maneno yaliyomtoka hayakuwa ya lugha yetu. Alikuwa amerudi kwenye lugha aliyobembelezwa nayo utotoni. Alirudia neno moja usiku kucha. Tulidhani anaomba maji, na kwa kuwa hakuruhusiwa kunywa, nikawa namlowesha midomo kwa pamba. Nililowesha, akarudia. Nikalowesha tena. Alfajiri alikuja mfanya usafi aliyekuwa akiijua lugha ile kidogo. Akasikiliza, akageuka.

"Sista, anasema baridi."

Nilikwenda kuchukua blanketi. Lilikuwa hatua nne kutoka kitandani.

Siku ile nilimsikitikia kama muuguzi. Pale kwenye benchi la kliniki, kalamu mkononi, ndipo nilipojiona mimi kwenye kitanda kile.

## Kitanda namba 6

Sikuacha kazi kwa sababu ya uchovu. Uchovu niliuzoea. Niliacha kwa sababu ya simu moja.

Ilikuwa zamu ya usiku, saa tisa na dakika kadhaa. Mgonjwa wetu mmoja alikuwa anatutoka na daktari akanituma nimpigie mkewe. Nikapiga, akapokea kabla mlio wa pili haujaisha, kama wapokeavyo wote wanaosubiri simu wasiyoitaka. Nikamwambia, "Kitanda namba 6 hali imebadilika, tunaomba uje."

Kukawa kimya.

"Nani?" akauliza.

Jina halikunijia. Nilikuwa nimemgeuza mgonjwa yule, nimemsafisha, nimemchoma sindano, zamu tatu mfululizo. Ikabidi nifungue faili nisome jina huku mkewe akipumua kwenye simu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Liliuita hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na likataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako moyoni, na kupungua ufanisi. Niliwahi kuusoma ufafanuzi huo kwenye semina na nikajiona niko kwenye sura ya kwanza tu, ile inayotibika kwa likizo. Usiku ule nilijua kwamba nimekwisha kuingia ya pili. Muuguzi aliyechoka akilala anaamka. Muuguzi aliyeacha kuona watu akaona vitanda, huyo ni hatari kwa wagonjwa, na nilikuwa nimekuwa huyo.

Miaka miwili baadaye shirika hilohilo na Shirika la Kazi Duniani walichapisha utafiti kuhusu saa za kazi: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mimi, ukijumlisha na siku za kuitwa nyumbani usiku, nilikuwa napita 60. Nilikuwa tayari nameza dawa za presha. Nikaandika barua ya kustaafu nikiwa na miaka 47.

Niliapa jambo moja: nikishaondoka, sitalala tena na simu inayolia. Miaka yote ile simu ilikuwa chini ya mto, na hata usiku ambao haikulia sikuwa nimelala usingizi kamili, kwa maana sehemu yangu moja ilibaki ikiisikilizia. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya niliizima kabisa na kuiweka jikoni.

## Hesabu

Kuhusu fedha nilijiandaa vizuri, na nasema hivyo bila kujisifu, kwani nilijipa miaka tisa. Ninaandika sehemu hii kwa sababu wanaoniuliza huanzia hapa.

Wengi wanaotaka kustaafu mapema wamesikia ile kanuni ya asilimia 4. Chimbuko lake ni mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyeichapisha mwaka 1994. Alichukua takwimu za masoko ya Marekani tangu 1926 na kuuliza: mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akaongeza kiasi hicho kufuatana na mfumuko wa bei, je, fedha itamtosha? Akaona ingetosha miaka 30. Ndiyo maana watu husema ukiwa na akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka unaweza kuondoka.

Lakini miaka 30 ni ya mtu anayestaafu na miaka 65. Mimi nilikuwa na 47, na mama yangu amevuka 80 akiwa mzima. Tena Bengen alimhesabia mtu anayetumia fedha ileile aliyowekeza. Ukihamia nchi nyingine, akiba iko katika sarafu moja na maisha katika nyingine, na sarafu zikiachana unakuwa maskini bila kununua chochote cha ziada. Kwa hiyo nikaacha kulenga mara 25, nikalenga mara 30, na nikatenga matumizi ya miaka miwili kama fedha taslimu. Hizo za miaka miwili ndizo ninazoziona muhimu kuliko zote. Soko likianguka mara tu baada ya kustaafu, ukalazimika kuuza hisa kwa bei ya hasara ili ule, hisa hizo hazitakuwepo soko litakapopanda. Mtu mwingine mwenye akiba kama yako, anayekutana na anguko lilelile miaka 15 baadaye, hatatikisika kama wewe.

Viza zilinishangaza zaidi. Nilidhani nchi zinazokaribisha wastaafu zinakaribisha wastaafu wote. Thailand viza yake ya kustaafu inataka uwe na miaka 50. Panama inataka pensheni ya maisha, na aliyeacha kazi mapema ana akiba tu, pensheni bado. Hispania inampa kibali anayeonyesha kipato bila kufanya kazi, na kweli haimruhusu kufanya kazi. Kumbe aliyestaafu mapema yuko katikati: si mfanyakazi, si mzee, na fomu nyingi hazina kisanduku chake.

Kodi nayo nilimlipa mtaalamu, na sijutii hata senti. Nchi nyingi zinakuhesabu mkazi wa kodi ukikaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka, na zipo zinazokufuata popote ulipo kwa sababu ya uraia tu, kama Marekani na Eritrea. Pensheni ina mitego yake: mstaafu wa Uingereza akihamia Kanada au Australia, pensheni yake ya serikali inagandishwa, haipandi mwaka hadi mwaka kama ya wenzake waliobaki. Mambo haya yanajulikana mapema kwa anayeuliza.

Bima niliisoma mwenyewe, kila kifungu, kwa jicho la muuguzi. Nilijua presha yangu ingeitwa ugonjwa uliokuwepo kabla, na nilikubali kulipia zaidi ili isiachwe nje. Niliangalia kama inalipia kunisafirisha nikiwa mahututi. Inalipia. Niliangalia hata gharama ya kurudisha mwili. Ipo.

Jedwali langu lilikuwa na safu 41. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mtu.

## Swali la kaka

Hili linaniuma kwa sababu niliambiwa.

Kaka yangu alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Si mtu wa maneno mengi. Alikuwa anafunga sanduku kwa gundi ya karatasi, akasema bila kuinua uso, "Dada, ukianguka huko, nani atatupigia?"

Nikamjibu kuhusu bima. Nikamweleza namba ya saa 24, nikamweleza usafiri wa wagonjwa, nikamtumia nakala ya kadi palepale. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga sanduku.

Hakuwa ameuliza kuhusu bima.

Ukifa ugenini, kuna utaratibu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unaitaka nchi uliyofia iuarifu ubalozi wako mdogo bila kuchelewa. Lakini ukianguka bafuni na kuvunjika nyonga, uko hai, mlango umefungwa, na hakuna mkataba wa mtu aliyelala sakafuni. Anayegundua ni yule anayejua kwamba saa hizi huwa umeshafungua dirisha.

## Kimya

Miezi mitatu ya kwanza nililala kama mtoto. Presha ilishuka, nikapunguziwa dozi. Nilitembea asubuhi bila kuangalia saa. Ningeandika makala hii wakati ule, ingekuwa ya kuwahimiza wote mfanye haraka.

Mwezi wa nne kimya kikabadilika. Sijui nikielezeje. Kazi ile iliyonimaliza ndiyo iliyokuwa ikinipa watu, na sikuwa nimelitambua hilo kwa sababu hatukuwa tunatembeleana. Lakini nisingefika kazini dakika 20 tu, wenzangu wa zamu wangenipigia. Nisingepokea, wangempigia kaka. Watu tisa walikuwa wanajua kila siku kama niko hai, na hakuna aliyewaagiza.

Mwaka 1967 wataalamu wawili, Holmes na Rahe, walitengeneza kipimo cha mizigo ya maisha, kila tukio na alama zake. Kufiwa na mwenzi wa ndoa ni 100. Kufukuzwa kazi ni 47. Kustaafu ni 45. Nilipoiona jedwali hiyo tena niliisoma mara mbili: kwa hesabu yao, kuondoka kazini kwa hiari na kufukuzwa vimepishana alama 2 tu. Kuhama makazi kunaongeza 20, mazingira ya kuishi yakibadilika ni 25 nyingine. Nilikuwa nimeyabeba yote hayo katika msimu mmoja na kuyaita mapumziko.

Leo ningeyatenganisha. Ningestaafu kwanza, nikakaa mwaka mzima palepale nilipo, nikaona ni uchovu gani unaondoka na ni upi unabaki. Ndipo ningehama. Nilikuwa na haraka kwa sababu sikutaka kupita tena mbele ya lango la hospitali ile, na lango nikalikimbia pamoja na kila mtu aliyekuwa ndani yake.

Niliwaza kurudi. Usiku mbili tatu niliangalia tiketi. Kilichonizuia ni kwamba nikirudi ningekuta nafasi yangu kwenye zamu imejazwa, jambo ambalo ni haki, na wale tisa wana mtu mwingine wa kumpigia.

## Ngazi

Chini yangu, ghorofa ya pili, anaishi mama mmoja aliyepita miaka 70. Tunapishana kwenye ngazi. Hupumzika mara moja katikati, mkono kwenye ukingo, na mimi nimeshamhesabia pumzi bila yeye kujua. Tabia ya kazi haijaniacha. Ana miguu inayovimba jioni. Mara mbili nilimbebea mifuko hadi mlangoni, na maneno yetu yote yalikuwa asante na karibu.

Nilichukua siku 19 kujiandaa kumwomba. Utamwambiaje mtu usiyemjua: naomba nikifikwa na jambo, wewe ndiye uamshwe usiku? Niliandika sentensi kwenye karatasi. Mwalimu wangu wa lugha akazisahihisha, na akaniuliza kwa wasiwasi kama naumwa.

Niliandika wazi kwamba sitaki aamue chochote. Hilo ni muhimu na watu huchanganya: wa kupigiwa simu na wa kuamua si lazima wawe mtu mmoja. Wa kuamua ni kaka yangu, kwa hati iliyoandikwa na mwanasheria na kugongewa apostile, ule muhuri wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 unaoifanya hati itambulike katika nchi nyingine. Kwa huyu mama nilitaka kitu kimoja: apokee simu, aseme ni dawa gani nameza, na ampigie kaka.

Nikabisha hodi. Nikasoma karatasi yangu nikiwa nimesimama mlangoni, sauti ikitetemeka kuliko nilivyotarajia. Alisikiliza hadi mwisho. Akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe tena, akiisogeza mbali na macho.

Kisha akaingia ndani na kuniacha pale.

Nilisikia droo ikifunguliwa. Aliporudi alikuwa amevaa miwani na ameshika kalamu na kadi ya hospitali, imechakaa pembeni. Nyuma ya kadi palikuwa na jina la mtu na namba, vyote vimekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa wino uliopauka. Hakunieleza alikuwa nani. Chini yake palikuwa patupu.

Akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamtajia herufi, akaziandika taratibu, kisha namba ya simu. Akaisoma kwa sauti ili nihakikishe. Halafu akauliza swali ambalo ilibidi alirudie mara mbili ndipo nikalielewa.

"Usiku unapokea?"

Jioni ile nilijaza fomu mpya ya kliniki, mstari wa 9, jina lake na namba yake. Kisha nikaenda jikoni nikaichukua simu. Kuna mpangilio unaoinyamazisha kwa watu wote isipokuwa unaowachagua. Nikamweka yeye, peke yake. Nikaijaribu sauti ya simu mara moja, mlio mrefu, kisha nikailaza chini ya mto.